Kioo Namba Saba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama amesema ulimwambia baridi ya alfajiri huko kiwandani inakuingia mpaka kwenye mifupa, na kwamba lile koti tulilokutumia linakubana mabegani. Kama ni kweli, mpe dereva yuleyule wa basi aturudishie, shangazi atafumua mishono na kuongeza kitambaa. Sisi huku tuko salama. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la barabara mpya, lakini ukimuuliza atakuambia anayekohoa ni vumbi, si yeye. Paa halivuji tena. Mimi ni mzima wa mwili.

Najua utashangaa kupokea karatasi nyingi hivi kutoka kwangu, mimi ambaye kwenye simu humaliza mazungumzo kwa “ndiyo, Baba” na “haya, Baba.” Kuna maneno ambayo mdomo wangu hauyawezi; huenda mkono ukayaweza. Ila nakuomba jambo moja. Najua barua zetu huwasomea wenzako kwenye kibanda cha walinzi. Hii isome kwanza peke yako.

Nianze na habari njema. Nimepata kazi ya miezi mitatu katika ofisi ya barabara, ileile ya mlango wa kijani, na kidato cha tatu cha ngazi yake bado kinacheza. Daraja jipya limekwisha, pale juu kidogo penye kona ya mto. Mwezi ujao magari yote yatahamia huko, na daraja lako litabaki la waenda kwa miguu na baiskeli. Kwa hiyo ofisi inataka historia yake iandikwe: kijitabu cha kugawa siku ya ufunguzi, na ubao wa bati wa kusimamishwa pale darajani. Aliyepewa kazi hiyo ni Mwalimu Ramani, yule aliyetufundisha jiografia, ambaye sasa amestaafu na macho yake yameingia ukungu. Alihitaji mtu wa kumsomea madaftari ya zamani na kuandika kwa mwandiko unaosomeka. Nasikia alimwambia Mhandisi kwamba anamtaka binti wa Mzee wa Vioo, maana katika miaka yake yote ya ualimu hajaona mtoto aliyebana maneno kama yule, na yeye uzeeni anatafuta utulivu.

Tunakaa katika chumba cha majalada. Kabati lake la chuma halifunguki mpaka ulipige teke chini upande wa kushoto, na Mwalimu, pamoja na ukungu wake wa macho, hulenga teke hilo bila kukosea. Kisha hukaa, huegemeza kidevu kwenye fimbo, hufumba macho na kuniambia nisome. Akisikia kitu cha maana hugonga sakafu mara moja, nami huandika. Dirisha linatazama daraja. Wiki ya kwanza nilikaa nimeligeuzia mgongo.

Baba, daraja lako lina mambo! Sijui kama walikuambia yote haya ulipoajiriwa. Zamani palikuwa na pantoni ya kuvutwa kwa kamba, na abiria mwanamume aliyekataa kushika kamba alizomewa mpaka ng'ambo. Chuma cha daraja kilikuja vipande vipande, kila kimoja kimepakwa namba kwa rangi nyeupe, kama kitanda cha kuunga. Daftari la kwanza linasema mafundi walihangaika siku sita na kipande kimoja kilichokataa kuingia. Wakakipiga nyundo, wakakipasha moto, wakakitukana. Siku ya saba mpishi wa kambi alipita na sufuria lake akawauliza kwa nini wanaisoma tisa kama sita. Mwalimu alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

Halafu kuna siku ya majaribio. Walipanga malori kumi na mawili ya mchanga juu ya daraja, kutoka mwanzo hadi mwisho, na watu wakakusanyika kingo zote mbili wakisubiri lianguke. Mkuu wa ujenzi akaweka kiti chini yake, kwenye kitako cha nguzo ya tatu, akakaa akanywa chai mpaka malori yote yakaondoka. Mwalimu aligonga sakafu mara tatu. Akasema hiyo iandikwe yote, hata chai.

Sehemu za zege zilikuja baadaye, baada ya mafuriko ya kwanza kula udongo wa kingo na kuliacha daraja limesimama katikati ya mto halina pa kufikia. Ndiyo maana ni chuma katikati na zege miishoni. Mwalimu anasema ni kama mtu aliyeazima koti kwa huyu na suruali kwa yule. Na mafuriko ya pili ndiyo yaliyoleta lile gogo kubwa lililoipiga nguzo ya tatu na kuacha ufa. Hapo, Baba, ndipo unapoingia wewe.

Nilifungua daftari nikakuta mwandiko wako. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, miaka tisa. “Kioo 1 kizima. Kioo 2 kizima. Kioo 3 kizima.” Mpaka kumi. Hata siku ambazo Mama alikuwa akikuambia una homa, tulia, vioo haviendi popote. Mwalimu alinisimamisha akaniuliza vioo hivyo ni vya nini hasa, maana yeye alidhani siku zote ulikuwa ukivifuta vumbi. Nikamweleza mimi. Nilimwambia kwamba kioo chembamba, kirefu kama kidole cha kati, hubandikwa juu ya ufa kwa saruji, ncha moja upande huu na ncha nyingine upande ule. Zege likisogea, hata kwa unene wa unywele, kioo hukatika, kwa sababu kioo hakijui kunyumbuka. Nikamwambia pia ulivyokuwa ukigombana na ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, ukisema aliyeitunga hakuwahi kukagua daraja, kwani ufa hauzibwi kabla hujaujua unaelekea wapi. Mwalimu alifumbua macho. Akasema kumbe nina sauti.

Alhamisi ile tukafika ukurasa wako wa mwisho.

Unaujua. “Kioo 6 kizima. Kioo 7 kimevunjika. Nimetoa taarifa saa tisa na robo.” Baada ya hapo ni kurasa nyeupe. Katika jalada la pili mna taarifa ya kamati, na katika rasimu ambayo ofisi ilimpa Mwalimu kama mwongozo kuna sentensi moja, naiandika hapa kama ilivyo: “Katika mwaka huo daraja lilifungwa kwa magari mazito kwa siku kumi na tisa kutokana na udanganyifu wa mkaguzi, aliyevunja kioo cha kupimia ufa kwa makusudi.”

Niliisoma kwa sauti kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mwalimu hakugonga sakafu. Akasema taratibu kwamba kijitabu ni kidogo na si kila kitu kinaingia. Tunaweza kuandika tu kwamba daraja lilifungwa kwa ukaguzi, tukapita. Akasema kwa kawaida yeye huwaambia wanafunzi kwamba historia haina mjomba, lakini amezeeka, na leo yuko tayari kuwa mjomba wa mtu.

Baba, hapo nilitakiwa kushukuru tu. Sentensi ingefutwa, watu wangesahau, na ubao wa bati usingekutaja popote. Nilimwambia nitafikiri. Nikafikiri Ijumaa, nikafikiri Jumamosi na Jumapili, na Mama akaniuliza kama nimemeza kisiki. Jumatatu nikaomba kusoma taarifa nzima ya kamati, ile ambayo nyumbani hatukuwahi kuiona.

Wameandika kwamba walipima ufa wakakuta haujasogea hata kidogo. Wameandika kwamba kioo cha sita na cha nane, vilivyo shubiri moja kutoka pale, vilikuwa vizima, kwa hiyo cha saba hakikukatwa na ufa bali na mkono. Wameandika kwamba ulikwisha kuandika barua tatu za kuomba malori ya magogo yapunguzwe, hazikujibiwa, kwa hiyo ulikuwa na sababu ya kuvunja kioo ili usikilizwe. Halafu kuna ukurasa wa maswali. Swali la tisa: “Ni nani mwingine anayeshuka kwenye nguzo ya tatu?” Na jibu lako: “Hakuna. Ni mimi peke yangu.”

Nilisoma jibu hilo mara nyingi mpaka maandishi yakaanza kuogelea. Maana sote wawili tunajua kwamba si kweli.

Sasa nakuandikia kile nilichokalia karatasi zote hizi. Nisamehe kama nimezunguka. Mimi ni Kobe wako, kutoka kwenye gamba kunanichukua muda.

Siku ile nilitoka shule nikakuletea chakula kama kawaida, ndani ya lile bakuli la bati lenye kifuniko, na kijiko juu yake. Asubuhi nilikuwa nimeitwa kusoma mbele ya darasa, sauti ikakataa kutoka, na darasa zima likacheka mpaka mwalimu naye akacheka. Nilitaka kuwa mahali ambapo hakuna mtu. Wewe ulikuwa juu na wapaka rangi. Niliwasikia wakikutania kwamba ukimaliza kuwasimamia ncha hii, ncha ile itakuwa imekwisha kupata kutu. Nikapita kwenye kibao kinachokataza watoto, nikashuka ngazi ya chuma mpaka kwenye kitako cha nguzo, kama nilivyoshuka mara mia, na wewe ukijua.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuvisikiliza? Ulisema kioo kizima ukikigonga kwa ukucha hulia wazi, na chenye kasoro hulia kama mtu mwenye mafua. Nilianza na cha kwanza. Nilivigonga kimoja kimoja, na kila kimoja kikaniitikia, nami nikafurahi, kwa sababu hao ndio waliokuwa wamezungumza nami vizuri siku hiyo. Nilipofika cha saba lori lilikuwa linapita juu, mto nao ulikuwa unapiga kelele, sikukisikia. Nikakigonga tena. Sikukisikia. Nikachukua kijiko. Pigo la kwanza lilikuwa dogo. La pili halikuwa dogo.

Kilikatika katikati, mstari mmoja ulionyooka, safi kabisa, kama vile ulivyowahi kunieleza kwamba kitakatika siku daraja litakaposogea. Nilikitazama. Nikaogopa kile kijiko kuliko nilivyoogopa kioo, nikakitupa mtoni. Nikapanda juu, nikakupa bakuli, nawe ukauliza kijiko kiko wapi, nikasema nimekisahau nyumbani. Ukanawa mikono, ukala kwa mkono, ukaniambia chakula ni kitamu hivyohivyo. Saa tisa ulishuka kukagua.

Nilijiambia nitasema jioni. Jioni ulirudi ukiwa umekunja uso, ukamwambia Mama kwamba daraja limetikisika na umeshatoa taarifa, na kwamba pengine umeokoa watu. Jinsi ulivyolitamka lile neno “pengine,” Baba! Nilishindwa. Kesho yake malori yalisimama foleni mpaka sokoni, abiria wakavuka kwa miguu na mizigo vichwani, na nikawaza kwamba msichana aliyeshindwa kusoma ukurasa mmoja mbele ya watoto arobaini atawezaje kusimama mbele ya mji mzima. Kila siku iliyopita iliongeza uzito wa siku iliyofuata. Kamati ilipokuja nilikuwa nimeshakuwa bubu kabisa.

Na kuna baya zaidi. Baada ya wewe kufukuzwa, darasani walikuwa wakigonga chupa zao za maji kwa kalamu kila nilipopita, ting, ting, wakiuliza Bwana Kioo amevunja nini leo. Mimi nilikuwa naona nafuu. Walikuwa wanakucheka wewe. Hawakuwa wanazicheka zile kelele za pumzi ninazotoa nikisoma. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua naona nafuu kwa ajili ya nini.

Siku uliyoondoka, pale stendi, nililia. Uliinama ukaniambia nisiinamishe kichwa kwa ajili yako, kwamba hukukivunja kile kioo. Nikakujibu, “Najua, Baba.” Ukanishika kichwa ukasema hilo linakutosha, ilimradi mtu mmoja anaamini. Nimelibeba hilo “najua” miaka mitano. Nilisema najua kwa sababu nilijua.

Kwa hiyo Jumanne nilimwambia Mwalimu. Sauti ilinitoka kama maji ya bomba lililokaa bila kutumika, kwanza upepo, halafu kutu. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aligonga sakafu mara moja.

Akanipeleka kwa Mhandisi. Huyu wa sasa ni mwanamke, amekuja mwaka jana, na buti zake ni kubwa kuliko miguu yake. Hakunifokea. Aliniuliza nilikuwa na umri gani, nikasema miaka kumi na miwili. Akauliza kijiko kilikuwa cha namna gani. Kisha akasema kamati ile ilitafuta mkosaji kabla ya kutafuta kosa. Hana uwezo wa kurudisha kazi wala miaka, akasema, lakini anaweza kuweka maelezo yangu ndani ya jalada na kuyaandikia makao makuu ili neno udanganyifu lifutwe. Lakini akanionya. Maelezo yangu yakiingia, jibu lako la swali la tisa litakuwa uongo mbele ya kamati, na wataona pia ulikuwa ukimruhusu mtoto kushuka mahali palipokatazwa. Kwa hiyo hataandika lolote mpaka apate neno lako. Mwalimu naye amesimamisha ukurasa. Mchapaji anautaka Ijumaa ya wiki ijayo.

Nyumbani nilimwambia Mama akiwa anachambua mchele. Mkono wake ulisimama. Halafu akaniuliza, kumbe kile kijiko kiko mtoni? Miaka mitano amemshuku shangazi. Nilidhani atacheka. Alifunika sinia kwa kanga akaenda kulala mchana kweupe, na tangu siku ile ananijibu, lakini haniiti. Nastahili. Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa Mke wa Kioo pale sokoni huku mimi nimesimama kando nimeshika kikapu.

Wewe ni wa nne kuambiwa, na ulipaswa kuwa wa kwanza. Hilo pia naomba unisamehe. Niliogopa kwamba nikianza na wewe ungeniambia ninyamaze.

Hiki ndicho nilichokiandika badala ya ile sentensi yao: “Katika mwaka huo daraja lilifungwa kwa magari mazito kwa siku kumi na tisa baada ya kioo namba saba kukutwa kimevunjika. Kilivunjwa na binti wa mkaguzi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyekigonga kwa kijiko na kunyamaza. Mkaguzi alitoa taarifa siku hiyohiyo, kama kazi yake ilivyomtaka.” Ukisema iandikwe, itaandikwa. Ukisema ifutwe, tutasema ukaguzi, tutapita, nami sitakulaumu. Jina lako ni lako. Ila usiniambie ifutwe kwa ajili yangu. Umeshafanya hivyo mara moja, au pengine hukufanya. Ndilo swali langu, Baba, na sina mwingine wa kumuuliza. Uliposema “mimi peke yangu,” ulikuwa unaogopa kile kibao cha kukataza watoto tu? Au ulipokuwa unakula kwa mkono ulikuwa umeshaona kitu usoni mwangu?

Jana Mhandisi alishuka nami kwenye nguzo ya tatu. Tangu uondoke hakuna aliyekagua. Ngazi imeota kutu. Vioo tisa vipo, vimejaa utando wa buibui, na tarehe zako bado zinasomeka kwenye saruji. Pa saba pamebaki vibonge viwili vya saruji na kipande cha kioo kila upande, vikitazamana. Mhandisi alivimulika kimoja kimoja akasema ufa haujasogea. Kisha akanipa daftari lako la kijani na kalamu, akaniambia niandike. Nilivigonga kwa ukucha tu, kama ulivyonifundisha. Kioo 1 kizima. Kioo 2 kizima. Kwenye mstari wa saba sikuandika kitu. Nimeuacha wazi mpaka nipate jibu lako.

Mwalimu Ramani anakusalimu sana, na shangazi pia, ambaye hajaambiwa kwamba alikuwa mtuhumiwa. Mama anasema ukapimwe mgongo, usijifanye chuma. Usisahau koti.

Mimi binti yako anayekuheshimu na aliyekukosea,

Kobe